Bandari ni Mali ya Nani?

ELIMU YA WATU WAZIMA KWA REDIO
Masomo ya Uraia, Somo la Tisa
Somo hili lilisomwa redioni na Afisa Elimu, na limepigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya kisomo.

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya: mamlaka, bodi, tozo, ushuru, stakabadhi, mkaguzi, kuwajibika. Wanafunzi wayasome pamoja mara mbili. Penye alama ya nyota (*) redio itanyamaza kidogo ili darasa lijibu swali.

  

Wiki iliyopita tulisoma habari za halmashauri ya kijiji. Tuliona kwamba mwenyekiti na wenzake wameshika mali ya wanakijiji, na kwamba yawapasa kueleza walivyoitumia. Leo tutatoka kijijini, twende pwani mpaka bandarini. Swali letu ni fupi: bandari ni mali ya nani, na wale waliopewa kuitunza wanamjibu nani?

Najua yupo mtu wa Tabora au wa Singida atakayesema, "Mimi bahari sijaiona maisha yangu yote. Bandari yanihusu nini?" Ndugu yangu, itazame nyumba yako. Dizeli ya basi ulilopanda juzi ilikuja kwa meli. Ngano nyingi ya chapati huja kwa meli. Mbolea, baiskeli, vyuma vya trekta, dawa za hospitali, vingi katika hivyo hupita bandarini. Na mazao yetu nayo hutokea huko: korosho, kahawa, pamba, katani. Meli ikikawia bandarini, gharama huongezeka. Mwenye meli humdai mwenye mzigo, mwenye mzigo humwongezea mwenye duka, na mwenye duka hukuongezea wewe. Basi kila mtu hulipia bandari, hata yule asiyepata kusikia harufu ya bahari.

Na anayelipa ana haki ya kuuliza. Mwisho wa somo nitawaeleza habari za mama mmoja aliyeuliza, na yaliyompata.

MFANO WA JAHAZI

Tuanze na kitu kidogo. Fikirini jahazi moja. Mwenye jahazi ni mzee, hawezi tena kusafiri. Amemweka nahodha, na nahodha ana mabaharia wake. Jahazi limepakia mizigo ya watu mbalimbali: nazi za huyu, chumvi ya yule, mikeka ya mwingine. Chombo kinang'oa nanga, kinasafiri siku tano. Mwenye chombo yuko nyumbani. Je, atajuaje kama nahodha ametumia fedha zake vizuri? Gunia moja la chumvi likikosekana, atajuaje kama liliharibika kwa maji au liliuzwa njiani?

*

Nadhani wengi mmejibu kwamba atamwuliza nahodha. Vyema. Lakini nahodha aweza kusema neno lolote, maana mzee hakuwepo. Kwa hiyo yanatakiwa mambo matatu.

La kwanza, nahodha aijue kazi aliyopewa na mpaka wa madaraka yake. Ameambiwa aende Lindi. Hakuambiwa auze tanga la chombo.

La pili, hesabu iandikwe. Magunia yaliyopakiwa yahesabiwe na kuandikwa, na yaliyoshushwa yahesabiwe na kuandikwa.

La tatu, awepo mtu mwenye haki ya kuuliza, na nahodha asiyejibu vizuri apoteze unahodha wake.

Mambo haya matatu kwa pamoja ndiyo tunayaita kuwajibika. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayatoshi. Daftari lisilosomwa na mtu ni karatasi tu. Mwulizaji asiye na daftari atabishana na nahodha mpaka jua lizame, na hatashinda. Ndiyo maana wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Shikeni mfano huu wa jahazi. Bandari nayo ni vivyo hivyo, ila chombo ni kikubwa zaidi na wenyewe ni mamilioni ya watu.

MAMLAKA YA BANDARI NI KITU GANI

Tangu mwaka 1948 bandari zetu na reli zetu zilitunzwa na shirika moja la nchi tatu, yaani Kenya, Uganda na Tanganyika. Makao makuu ya shirika hilo yalikuwa Nairobi. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, zikapewa shirika lao lenye makao yake Dar es Salaam. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ikavunjika, na kila nchi ikachukua bandari zake. Tanzania iliunda mamlaka yake mwaka huo huo wa 1977. Wenzetu wa Kenya waliunda yao mwaka 1978, nayo ndiyo inayotunza bandari ya Mombasa.

Baadaye Bunge letu lilitunga Sheria ya Bandari ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, ambayo wengi huiita TPA. Inatunza bandari za bahari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Inatunza pia bandari za maziwa, kama vile Mwanza na Kigoma. Zanzibar ina Shirika lake la Bandari.

Sasa litazameni neno lililoandikwa ubaoni: mamlaka. Maana yake ya kwanza ni uwezo wa kuamuru. Maana yake ya pili ni ofisi iliyopewa uwezo huo. Ofisi hiyo haikuzaliwa na uwezo. Imekopeshwa na sheria, na sheria imetungwa na wabunge, na wabunge wamechaguliwa nasi. Kitu cha kukopeshwa hudaiwa. Hapo ndipo penye jibu la swali letu la kwanza: bandari ni mali yetu sote, na Mamlaka ni mtunzaji.

MNYORORO WA KUJIBU

Je, mtunzaji huyu anamjibu nani? Tupande ngazi moja moja, kutoka gatini mpaka juu.

1. Kuli, dereva wa kreni na karani wa ghala humjibu msimamizi wao.
2. Msimamizi humjibu Meneja wa bandari ile, kwa mfano Meneja wa Bandari ya Tanga.
3. Meneja humjibu Mkurugenzi Mkuu aliyeko makao makuu.
4. Mkurugenzi Mkuu huijibu Bodi. Bodi ni baraza la watu wachache waliopewa kazi ya kuongoza Mamlaka, kupitisha mipango yake na kutazama hesabu zake. Mwenyekiti wa Bodi huteuliwa na Rais, na wajumbe wengine huteuliwa na Waziri.
5. Bodi humjibu Waziri anayehusika na uchukuzi.
6. Waziri huulizwa maswali Bungeni.
7. Wabunge huwajibu wananchi, na kila miaka mitano huja kuomba kura.

Je, katika ngazi hizi saba, wewe na mimi tuko ngazi gani?

*

Tuko mwanzo, na tuko mwisho. Tuko mwanzo, maana ndisi tunaoleta mizigo na kulipa. Tuko mwisho, maana ndisi wenye mali. Lakini oneni jinsi mnyororo ulivyo mrefu. Neno likitoka gatini hupita mikono mingi kabla ya kufika kwa mwenye mali, na kila mkono waweza kulipunguza kidogo.

Kwa sababu hiyo sheria imeweka watu wengine pembeni mwa mnyororo, wasio watumishi wa bandari, wawe macho yetu.

Wa kwanza ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Huyu ametajwa na Katiba yenyewe, katika ibara ya 143. Kila mwaka hukagua hesabu za Serikali na mashirika yake, na taarifa yake hupelekwa kwa Rais, kisha huwekwa mbele ya Bunge. Kwa desturi taarifa hizo hutoka mwezi wa Aprili, na magazeti huandika habari zake. Kamati za Bunge huzisoma na kuwaita wakubwa wa mashirika waeleze yaliyoandikwa.

Wa pili ni Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Miongoni mwa kazi zake ni kusimamia huduma za bandari na meli, pamoja na viwango vya tozo. Tozo ni fedha inayolipwa kwa huduma. Bandari ikitaka kupandisha tozo zake, haitoshi kupenda tu; kuna mtu wa kutazama kama jambo hilo ni la haki.

Wa tatu ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Nayo huchunguza pale panaposhukiwa kwamba mtu ametoa au amepokea mlungula.

Lakini nisiwadanganye, ndugu zangu. Macho haya yana upungufu wake. Mkaguzi ni kama taa: humwonyesha mwizi, hamshiki. Yeye huandika na kushauri. Kutenda ni kazi ya wengine. Tena mwaka wa hesabu za Serikali huisha tarehe 30 Juni, na taarifa hutoka Aprili inayofuata. Yaani taa huwashwa miezi tisa baada ya jambo kutendeka. Na wanaoteuliwa kutoka juu huenda wakamwogopa aliye juu kuliko kumheshimu aliye chini.

Nchi nyingine zimejaribu njia nyingine. Katika mji wa Seattle, Marekani, bandari iliundwa kwa kura ya wananchi mwaka 1911, na mpaka leo wenyeji huwachagua kwa kura makamishna watano wa kuiongoza. Huko mwananchi yu karibu zaidi na wakubwa wa bandari. Hata hivyo mpiga kura asiyesoma hesabu za bandari yake atampigia kura mwenye maneno matamu. Basi tukizunguka kote, twarudi palepale kwenye daftari.

KARATASI ZA KONTENA MOJA

Tuone daftari hilo kwa karibu. Siku hizi mizigo mingi husafirishwa katika makasha makubwa ya chuma yaitwayo makontena. Kontena moja huweza kuwa na mali ya mamilioni ya shilingi, nawe ukilitazama kwa nje huoni kitu ila chuma na namba. Je, wenye bandari wanajuaje kilichomo, na kama kimelipiwa?

Kwanza, meli huja na orodha ya shehena yote iliyobeba. Pili, bandari huandika kila kontena linaloshushwa gatini na mahali lilipowekwa. Tatu, watu wa forodha wa Mamlaka ya Mapato Tanzania hutazama hati za mwenye mali, hupiga hesabu ya ushuru na kodi, na akilipa humpa ruhusa. Nne, langoni huandikwa kontena lililotoka, siku lililotoka, na gari lililolibeba.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Fedha za bandari na fedha za forodha ni mbali mbali. Bandari hutoza kwa kazi yake ya kushusha na kuhifadhi mzigo. Forodha hukusanya kodi kwa ajili ya Hazina. Ni ofisi mbili, na vitabu viwili. Jambo hili ni jema, maana vitabu viwili vilivyoandikwa na watu wawili vikisomwa pamoja, uongo hauna pa kujificha. Kitabu cha bandari kikisema makontena kumi yametoka, na kitabu cha forodha kikisema saba yamelipiwa, kuna matatu yanayotaka maelezo.

Lakini vitabu hivyo visiposomwa pamoja, mlango uko wazi. Mwezi wa Novemba mwaka 2015 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda bandari ya Dar es Salaam ghafula, bila kutangaza. Alieleza kwamba makontena 349 yalikuwa yameondolewa bila kodi kulipwa. Maofisa kadhaa wa Mamlaka ya Mapato walisimamishwa kazi. Mwezi uliofuata, Desemba 2015, baada ya habari za makontena mengine mengi zaidi kujulikana, Rais John Magufuli aliivunja Bodi ya Mamlaka ya Bandari na kumwondoa Mkurugenzi Mkuu.

Watu wengi walifurahi, na furaha yao ilikuwa na sababu. Kodi ya kontena moja yaweza kununua vitanda vya hospitali au madawati ya shule. Kodi isiyolipwa ni kitanda ambacho mgonjwa hakukipata.

Lakini sisi tuliokuja kujifunza tuulize swali moja zaidi. Kontena si sindano. Halipiti katika tundu la ukuta. Kila moja lilitoka kwa gari, na kila gari lina dereva na namba. Mkusanyiko wote ule ulihitaji Waziri Mkuu mwenyewe aje kuhesabu. Kwa nini wale wa ngazi za chini, ambao hesabu ndiyo kazi yao ya kila siku, hawakulisema mapema? Pengine wengine hawakuona. Pengine wengine waliona wakaogopa, na wengine wakanufaika. Kiongozi mkubwa kuja ghafula ni dawa, lakini ni dawa ya siku moja. Chakula cha kila siku ni vitabu viwili kusomwa pamoja kila jioni, na karani mdogo kuweza kusema "hesabu hii haikubaliani" bila kupoteza kazi yake.

MAMBO YA MKATABA

Kuna daftari la aina nyingine, nalo ni mkataba. Mkataba ni maandishi ya mapatano. Sheria inairuhusu Mamlaka ya Bandari kuikabidhi kampuni kazi fulani za bandari. Ardhi na magati hubaki mali ya umma, lakini kampuni huendesha kazi na kulipa kama ilivyopatana.

Mwaka 2000 kazi ya makontena katika bandari ya Dar es Salaam ilipewa kampuni iitwayo TICTS kwa miaka 10. Mwaka 2005, kabla miaka hiyo haijaisha, muda uliongezwa ukawa miaka 25. Wabunge waliuliza sababu za kuongeza muda mapema hivyo, na jambo hilo lilizungumzwa kwa miaka mingi. Kampuni hiyo ilimaliza kazi yake mwishoni mwa mwaka 2022.

Kisha Oktoba 2022 Serikali ilitia saini makubaliano na Dubai juu ya kuendeleza bandari, na Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023. Hapo mjadala mkubwa ulizuka nchini. Waliounga mkono walisema bandari yetu inachelewesha meli, na kwamba tunahitaji mitambo na ujuzi. Waliopinga waliuliza mbona makubaliano hayakutaja mwisho wake, na nani ataamua tukigombana. Wengine walikwenda Mahakama Kuu huko Mbeya. Mwezi Agosti 2023 mahakama iliyakataa madai yao. Tarehe 22 Oktoba 2023 mikataba yenyewe ilitiwa saini Dodoma na kampuni ya DP World. Ilielezwa kuwa muda ni miaka 30, kwamba ni sehemu tu ya bandari ya Dar es Salaam, na kwamba kazi itapimwa kila miaka mitano.

Sikuja redioni kuwaambia nani alikuwa na haki. Nataka mwone jambo moja. Katika mjadala ule wananchi wa kawaida walikuwa wakitaja namba za ibara. Watu walikaa vibarazani wakisoma makubaliano kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Mtu asiyejua kusoma ilimbidi amwamini yule mwenye sauti kubwa. Aliyejua kusoma aliweza kusema, "Nipe karatasi niione."

Na mkataba unapotiwa saini, kazi ya mwenye mali haijaisha, imeanza. Imesemwa kazi itapimwa kila miaka mitano. Basi yatupasa kuuliza: itapimwa kwa kipimo gani? Meli itakaa siku ngapi? Ni fedha ngapi zitaingia Hazina? Matokeo yatatangazwa wapi?

MAMA NA STAKABADHI YAKE

Sasa nitimize ahadi yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha darasa la jioni katika mji mmoja wa pwani. Sitautaja mji, wala gati. Katika darasa langu alikuwamo mama mmoja mchuuzi wa nazi. Kila wiki mbili alipokea magunia yake yaliyoletwa kwa jahazi, na kila mara alilipa shilingi 8,000 na kupewa stakabadhi. Zile stakabadhi alizitunza ndani ya kopo la maziwa, ingawa hakujua zimeandikwa nini.

Tulipofika somo la tarakimu alikuja na kopo lake. Aliweka karatasi moja mezani, akatia kidole juu yake, akasoma polepole: "Tatu... elfu tatu." Akachukua ya pili. Elfu tatu. Ya tatu. Elfu tatu. Darasa zima likanyamaza.

Kesho yake alikwenda gatini. Alimwambia karani, "Mwanangu, mimi nalipa elfu nane, karatasi yasema elfu tatu. Elfu tano inakwenda wapi?" Karani akamjibu, "Mama, hayo ni mambo ya ofisi, huwezi kuyajua." Mama akasema, "Jana nilikuwa siyajui. Leo nimesoma."

Alipanda ngazi. Alimwona msimamizi, akaambiwa aje kesho. Akaja kesho, akaambiwa aje Jumatatu. Jumatatu akaja na wachuuzi wenzake wanne, kila mmoja na karatasi zake, na barua fupi aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Barua ile ilipelekwa kwa mkubwa wa pale. Mkubwa aliagiza kitabu cha ofisi kiletwe, kikasomwa pamoja na zile karatasi.

Nisiwaambie kwamba yote yaliisha vizuri. Fedha zake hakurudishiwa. Karani alihamishwa, na sijui kama alishtakiwa. Lakini baada ya mwezi mmoja ubao ulitundikwa ukutani, umeandikwa kiasi cha kulipa kwa kila gunia, kwa tarakimu kubwa. Ubao ule mama aliusoma bila kutia kidole.

TUFANYE NINI

Ndugu wasikilizaji, Katiba yetu katika ibara ya 27 inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mali ya umma. Wajibu huo tunautimizaje?

Kwanza, usilipe bila stakabadhi, na usiipokee bila kuisoma. Tazama jina la ofisi, tarehe, na kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Siku hizi malipo mengi ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba, benki au kwa simu. Namba hiyo uitunze.

Pili, uliza tozo zimeandikwa wapi. Tozo halali ina mahali ilipoandikwa.

Tatu, ukiwa na malalamiko, andika barua, tia tarehe, ubaki na nakala. Neno la mdomo husahauliwa. Barua hungoja majibu. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo mwananchi aweza kuomba habari kwa ofisi ya umma, nayo yapaswa kumjibu katika muda usiozidi siku 30.

Nne, mwezi wa Aprili taarifa ya Mkaguzi Mkuu inapotoka, darasa litafute gazeti na kusoma yaliyoandikwa juu ya bandari. Mbunge akija, aulizwe amefanya nini juu ya yale yaliyosemwa.

Tano, uwe mwadilifu wewe mwenyewe. Anayempa karani kitu kidogo ili mzigo wake upite kwanza, naye ametoboa jahazi.

Mwanzoni tuliuliza bandari ni mali ya nani. Ni yetu. Lakini mali huwa yako kweli pale unapoweza kuisoma hesabu yake. Mzee wetu mwenye jahazi hakuweza tena kusafiri, lakini kama alijua kusoma daftari, nahodha alimwogopa hata akiwa kitandani.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu la leo. Wiki ijayo tutasoma juu ya bima. Kwaherini.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Yataje mambo matatu yanayofanya mtu awajibike. Likikosekana la pili, kunatokea nini?
2. Fedha za bandari na fedha za forodha zina tofauti gani?
3. Kwa nini ni vizuri vitabu vya ofisi mbili visomwe pamoja?
4. Katika mji au kijiji chenu, ni ofisi gani inayopokea fedha za watu kila siku? Je, viwango vya malipo vimeandikwa mahali mnapoweza kuviona?
5. Yule mama hakurudishiwa fedha zake. Je, kazi yake ilikuwa bure? Jadilianeni.

KAZI YA KUANDIKA

Kila mwanafunzi alete stakabadhi moja kutoka nyumbani. Anakili katika daftari lake jina la ofisi, tarehe na kiasi. Kisha aandike barua ya mistari mitano kwa ofisi hiyo, akiuliza swali moja kwa adabu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bodi: baraza linaloongoza shirika.
Gati: mahali meli inapofungwa ili kushusha au kupakia.
Kuwajibika: kutoa hesabu ya kazi uliyopewa, na kukubali matokeo yake.
Mkaguzi: mtu anayetazama hesabu zilizoandikwa na wengine.
Shehena: mizigo iliyobebwa na chombo.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kuwa fedha imepokewa.
Tozo: fedha inayolipwa kwa huduma.
Ushuru: fedha inayolipwa Serikalini juu ya bidhaa.